Vitufe Chini ya Kitenge

Ipo Alhamisi moja ambayo sitaisahau, mwanangu, hata nikifika umri wa kutembelea fimbo. Mama Zaituni, aliyenifundisha kazi hii, alifunika kibodi kwa kipande cha kitenge, akaingiza mikono yangu chini yake kama anayemvisha mtoto sweta, akasema, "Leo hauangalie klaviye. Angalia karatasi tu." Kisha akaenda mbele kumpima mteja gauni, nami nikabaki na kazi ya Mzee Bonifasi.

Nakuita mwanangu ingawa sijafika miaka thelathini, na huenda tumepishana kidogo tu. Usinicheke. Ndivyo Mama Zaituni alivyoniita tangu siku ya kwanza, na sina neno lingine la kumwita mtu ninayemwachia kiti changu mbele ya mashine. Nilisoma shule ya msingi tu, naandika polepole, na mbele ya watu maneno hunikwama kooni. Ndiyo maana nakuandikia haya hapa Gitega, uyasome kwa nafasi yako kabla hujaanza kazi ya kuwaandikia watu. Kuyasema nisingeweza.

Chumba cha Mama Zaituni kilikuwa Muyinga mjini, hatua chache kutoka msikitini. Ukoo wake wote ni mafundi nguo. Ndani kulikuwa na cherehani tatu, na kwenye kona kompyuta moja kuukuu aliyoitumia kuwaandikia watu barua na maombi ya kazi. Kipanya chake kilikufa zamani. Mpwa wake aliyesomea mambo hayo Bujumbura alimwekea programu nyepesi ya kuandikia, isiyo na picha wala rangi: kioo cheusi, maandishi meupe, na kila kitu unakiamuru kwa vitufe. Ni hiyo hiyo utakayoikuta kwenye mashine yangu.

Wengi huikimbia siku ya kwanza, kwa sababu wanabonyeza herufi na haiandiki, inafanya jambo lingine. Mama Zaituni hakunieleza kwa maneno ya kompyuta. Alinivuta hadi kwenye cherehani, akanionyesha kile kichuma kidogo kinachokandamiza nguo chini ya sindano.

"Ona huu mguu," akasema. "Kama iko chini, unashona. Unataka kugeuza nguo? Unainua mguu kwanza. Ukivuta nguo na mguu iko chini, unapasua. Bon. Na kwa kompyuta ni vile vile."

Herufi i inashusha mguu, basi unaandika. Kitufe cha pembeni kabisa, juu kushoto, kinauinua, na hapo herufi zinageuka kuwa amri: w inakupeleka mbele neno zima, b inakurudisha nyuma neno zima, na d ukiibonyeza mara mbili inafuta mstari. Alinipa kitufe kimoja kwa siku, wala hakuongeza cha pili hata nilipokuwa na hamu nacho. Salamu yake ya asubuhi ilikuwa, "Jana nilikupa nini?" Nikijibu papo hapo, napewa kingine. Nikitazama dari, narudia kile kile. Niliona ananichelewesha. Leo vidole vyangu vinajua vitufe ambavyo kichwa changu hakiwezi hata kuvitaja, na namshukuru kwa ule ucheleweshaji.

Sasa nikueleze kuhusu Mzee Bonifasi. Alikuwa mkulima wa Buhinyuza. Aliishi Tanzania miaka mingi, akarudi na watoto waliozaliwa huko, wasiojua ndugu zao. Kaka yake Paskali alikuwa amefariki, na Jumapili ile ukoo ungekutana kuganduka, yaani kumaliza matanga. Watu wangetoka pande zote, wengi hawajawahi kuonana. Mzee alitaka siku hiyo isomwe orodha ya ukoo: nani alimzaa nani, nani alibaki, nani alikimbilia wapi.

"Vijana wetu wanakutana sokoni, wanapendana," alituambia. "Wawili walifika mpaka kutumana kwa wazazi kwa posa, kumbe babu yao ni mmoja. Tuliwatenganisha kwa machozi. Sitaki kuyaona tena."

Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hakuweza kuandika. Alikuja mara tatu siku za soko, akataja majina, na Mama Zaituni akayaingiza moja kwa moja kwenye mashine. Hapakuwa na karatasi. Ukoo ule wote ulikuwa mahali pawili tu: kichwani mwa mzee na ndani ya kompyuta ile. Kazi yangu ilikuwa ndogo. Dada wa mzee, aliyebaki Tanzania, alituma barua yenye majina ya watoto na wajukuu wake. Nilitakiwa kuyaongeza mwishoni.

Lakini kulikuwa na jambo sikumwambia Mama Zaituni. Kuandika bila kutazama nilijua kidogo. Kwenye kambi ya wakimbizi nilikozaliwa, upande wa Kigoma, tulikuwa na chumba cha kompyuta, tukifundishwa kwa zamu, na vidole vyangu vilishika njia zao. Nilitaka kumshangaza. Nikaandika mistari kama kumi nikitazama barua tu, nikijiona fundi. Nilipoinua macho, kioo kilikuwa kimejaa upuuzi. Mahali pa "baba" palikuwa na "bqbq". Mahali pa "mama" palikuwa na mkato, q, mkato, q. Kibodi za kule zimepangwa Kiingereza, za huku zimepangwa Kifaransa. Pale kidole changu kilipozoea kukuta a, huku kinakuta q, na m imehamia upande mwingine. Siku zilizotangulia nilikuwa nikitazama kila kitufe, kwa hiyo sikugundua.

Nyuma yangu waliketi wanawake wawili waliokuwa wakingoja nguo zao. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Ona huyu, sha, anaandika Kichina." Wakacheka, si kwa ubaya. Mimi masikio yaliwaka moto.

Nilijua kufuta mstari. Nikainua mguu, nikafuta wa kwanza. Kisha, kwa haraka ya kuondoa aibu ile wasiione zaidi, nikabonyeza d nikaishikilia. Ukiwa mwisho wa maandishi, mwanangu, kila mstari unaoufuta unakupandisha kwenye ule wa juu yake. Mistari yangu kumi iliondoka kwa kufumba na kufumbua, kisha ya mzee ikafuata, mmoja baada ya mwingine, kama maharage yanayomwagika kutoka gunia lililotoboka. Nilipoondoa kidole, katika ukoo ule walibaki watu wanne, na wote walikufa kabla sijazaliwa.

Mama Zaituni alikuwa hatua tano kutoka nilipokuwa, pini mdomoni. Ningesema tu, "Mama, njoo." Sikusema. Niliwaogopa wale wanawake, niliogopa kurudishwa kwa shangazi yangu, aliyenipokea wazazi wakiwa bado kambini, na kuambiwa sifai. Nikahifadhi vile vile, nikafunga programu, nikazima mashine, nikakikunja kitenge vizuri.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari, Mama."

Asubuhi ya Ijumaa alikuja na furaha. "Bon, Esta, leo nakupa kitufe chenye mi napenda kuliko vyote." Akafungua ukurasa mtupu, akaandika jina lake, la mumewe na la kila mtoto wake, kila mmoja mstari wake. Kisha akawafuta wote. "Ona, nimemaliza jamaa yangu yote." Akainua kidole juu kama mwalimu, akakishusha kwenye herufi u. Mtoto mmoja akarudi. Akabonyeza tena, akarudi mwingine, mpaka mumewe na yeye mwenyewe. "Voilà! Wamefufuka."

Nikauliza, "Mama, na kama mtu amezima mashine?"

"Kama amehifadhi akazima, imesahau. Haikumbuke tena kitu." Akanigeukia. "Kwa nini unauliza?"

Nilianza kulia kabla sijapata neno. Akaifungua orodha ya Mzee Bonifasi, akaitazama. Hakupiga kelele. Nadhani kelele ingenisaidia.

"Jana, wakati watu wa mzee wanafutika, mi nilikuwa wapi?"

"Pale mbele."

"Nilikuwa nimelala?"

"Hapana, Mama."

"Niko na masikio ao siko nayo?"

"Unayo."

"Aloo, sikiliza. Kufuta, mi nafuta kila siku, na nimeandika tangu wakati wa zile mashine za kugonga karatasi. Hiyo haiko kosa. Kabla hujazima, mzee na watu wake wote walikuwa wangali ndani, wanangoja herufi moja. We uliwafungia mlango sababu ya kuona haya."

Sijapata kuambiwa maneno mazito zaidi ya hayo, na aliyasema huku akinipangusa uso kwa kipande cha kitambaa cha bitana.

Akauliza ilianzaje. Nikamweleza kibodi ya kambini. "Na mbona hukuniambia ulijifunza kwingine?"

"Hukuniuliza, Mama."

Neno lilinitoka bila ruhusa. Akaguna. "Kweli. Sikuuliza. Nilifikiri umekuja mikono mitupu. Bon, hiyo ni yangu. Ile ingine ni yako. Panda moto sasa hivi mpaka Buhinyuza, umwambie mzee kwa mdomo wako."

"Mama, siwezi kusema mbele ya mtu mzima."

"Basi umwimbie."

Nikapanda pikipiki. Njia nzima nilifanya mazoezi ya sentensi moja, na nilipofika ilikuwa imetoweka.

Nilimkuta mzee ameketi kwenye mkeka uani, akichambua maharage. Hakuyatazama. Vidole vilipapasa kila punje, na iliyooza vikaitupa kando. Mke wa mwanawe alikuwa karibu akimenya ndizi.

"Amahoro, binti," akasema nilipojitambulisha. "Umeniletea karatasi zangu?"

Nikayatazama maharage.

"Vipi? Mashine imekula ulimi wako?"

"Mashine haikula kitu, mzee. Ni mimi. Nimewafuta watu wako."

Vidole vyake vikasimama. "Wangapi?"

"Wote. Wamebaki wanne."

"Na shemeji yangu Raheli, umemfuta?"

"Ndiyo, mzee."

"Huyo umenisaidia."

Mke wa mwanawe akacheka, "Nitamwambia, mzee, Jumapili utaniona!" Nami nikajikuta nacheka na machozi yangu. Raheli ndiye mjane wa Paskali, na kutaniana kwao kulikuwa kwa miaka mingi. Lakini mzee alipoacha kucheka, uso wake ulibadilika.

"Nimetaja mara tatu," akasema. "Kila mara kuna jina linanikimbia. Na Jumapili ni keshokutwa." Akapapasa mkeka kana kwamba majina yako humo. "Unaandika upesi kama yule mama?"

"Hapana, mzee. Mimi ni wa polepole."

"Basi kaa chini."

Wakaniletea daftari la mjukuu wake. Mzee akaanza upya, tangu babu wa babu. Nilipokuwa nikiliumba jina moja, yeye alikuwa akilitafuta lijalo, na mara nyingine alinirudisha nyuma. Tulipofika kwa Paskali nikaandika mtoto wake wa kwanza kama alivyomtaja. Akaniwekea mkono juu ya kalamu.

"Ngoja. Kabla ya huyo yuko mwingine. Ezekieli. Alifia njiani tulipokuwa tunakimbia, hajamaliza miaka miwili."

"Huyo sikumwona kwenye mashine, mzee."

"Hakuwemo. Yule mama ana mikono ya umeme. Nikitaja jina, tayari ameliandika, ananingoja. Naona haya kumkalisha, naruka."

Nilimtazama. Mtu mwenye mvi kichwa kizima, naye aliona haya kusema ngoja. Tuliongeza majina saba siku ile ambayo hayakuwahi kuingia kwenye mashine.

Jumamosi asubuhi Mama Zaituni aliifunika tena kibodi. Nilidhani asingeniruhusu kuigusa. Aliishika mikono yangu chini ya kitenge, akaweka vidole vya shahada juu ya herufi f na j, penye vinundu vidogo. "Hivi vinundu viko pale pale, huku na Tanzania. Ukipotea, rudi hapa." Akanifanyisha a, q na m mpaka vidole vikachoka kubisha. Kisha akavunja desturi yake, akanipa vitufe vitatu kwa siku moja: y mara mbili kunakili mstari, p kuubandika, na nukta, ambayo inarudia jambo la mwisho ulilofanya bila wewe kulifanya upya. Mistari mingi ilianza kwa maneno yale yale, kwa hiyo niliandika mmoja, nikaubandika, nikabadilisha jina. Nilipotaka kurudi kwa Paskali sikupanda mstari kwa mstari. Nilibonyeza mkwaju, kile kistari cha mshazari cha kutafutia, nikaandika jina lake, nikafika. Kila nilipomaliza nyumba moja nilihifadhi. Mara mbili nilikosea, na mara zote mbili niliita kwa sauti, "Mama!" Mara ya pili yule mwanamke aliyesema naandika Kichina alikuwepo, amekuja kuchukua gauni lake. Akasema, "Leo huyu ana mdomo!" Mwishoni niliongeza majina ya barua ya dada wa mzee, tukachapa kabla ya adhana ya adhuhuri.

Siku ya kuganduka nilipeleka karatasi mwenyewe, nikitaka kuzikabidhi na kuondoka. Watu walijaa uani. Mzee Bonifasi akasimama, akaishika karatasi asiyoweza kuiona, akasema, "Asome aliyeandika."

Nilisoma nikikodolea karatasi tu, kama niliyefunikwa kitenge. Watu walikuwa wakipeana mikono katikati ya majina, wengine wakiitana, "Kumbe ni wewe!" Nilipofika kwa Paskali nikasoma, "Mtoto wao wa kwanza, Ezekieli," nikaendelea na wa pili.

"Rudia."

Alikuwa mwanamke mzee aliyeketi mbele. Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

"Rudia hapo, binti."

"Mtoto wao wa kwanza, Ezekieli."

Raheli aliinamisha kichwa. Kisha akasema taratibu, "Hakuna aliyelitaja jina hilo mbele ya watu tangu tulipomwacha njiani. Yurakoze, mwanangu. Asante." Mzee Bonifasi, pembeni yake, alikuwa akiupapasa mkono wake kwa vidole vile vya kuchambulia maharage. Sikusikia utani wowote siku ile.

Tangu hapo, kabla ya kuandika jina lijalo, Mama Zaituni alikuwa akiondoa mikono kwenye klaviye na kumuuliza mteja, "Hakuna mwingine?" Hakusema alijifunza wapi. Wazazi wangu waliporudi kwenye kilima chao Nyarusange, nami nikaja Gitega kuanza kazi hii, alinipa kipande kile cha kitenge. Kimo kwenye droo ya kulia. Kimechakaa, lakini hakionyeshi kitu chini yake.

Basi, mwanangu, haya ndiyo ninayokuachia. Jifunze kitufe kimoja kwa siku, mpaka kidole kikijue kabla yako. Inua mguu kila unapomaliza sentensi, usiuache chini ukaenda kufikiri. Usitembee herufi kwa herufi ilhali unaweza kwenda kwa neno, wala usishikilie kitufe cha kufuta. Kama ni mistari mitatu, andika tatu kisha amri yake, itafuta mitatu na kuacha mingine salama. Hifadhi kila nyumba, ila usihifadhi ukiwa na hofu. Ukiharibu, toa mikono kwenye kibodi, bonyeza u. Ikishindikana, usizime. Niite, nitaacha lolote ninalofanya. Na kama ulijifunza kwingine, niambie hata nikisahau kukuuliza. Upesi wa vitufe ni wa kukupa nafasi ya kumngoja anayekutajia, usimwonee nao mtu anayetafuta jina.

Mungu akujalie vidole vyepesi na sauti ya kuita ukikwama. Akuweke karibu na mtu wa kukukemea huku akikupangusa machozi, kama alivyoniwekea mimi Mama Zaituni. Na siku utakapomfundisha mwingine, hicho kitenge ni chake.